Kura ya Chumba cha Kumi na Mbili

Ukitaka kujua mji unampigia nani kura, usiwaulize watu wake barabarani. Waogeshe. Mimi niliwaogesha kwa miaka minane, katika nyumba ya wazee kwenye mji mdogo ulioko magharibi mwa Brussels, pale ambapo tramu inageuza na kurudi ilikotoka. Kila mtu pale alikuwa na bustani ndogo mbele ya nyumba na pazia la kutarizi dirishani, na kila mtu alikuwa anakusalimu, bonjour. Bonjour zao sikuwahi kuzilalamikia, zilikuwa nyingi kuliko mahitaji yangu.

Niliijua siasa ya mji ule kwa ghorofa. Chini walikaa waliokuwa madereva wa tramu na wafanyakazi wa viwandani, watu wa wekundu, wa chama cha wafanyakazi. Walikuwa wakiniita kamaradi, na mmoja wao alikuwa akiniita kamaradi huku mkono wake unapanda pajani mwangu kila nilipoinama kumvalisha soksi. Ghorofa ya kwanza, upande wa bustani, walikaa wajane wa madaktari na mzee mmoja aliyekuwa mthibitishaji wa hati. Hao walikuwa wa bluu, chama cha wenye mali. Walilalamikia kodi huku nawakata kucha za miguu, na kucha zenyewe ngumu kama pembe. Waliokuwa karibu na kapela walimpigia kura yeyote ambaye padri alikuwa akimpigia. Wote walikuwa na lugha mbili, Kifaransa na Kiflamandi, na kwa lugha hizo mbili walichukiana hata kwenye foleni ya supu. Lakini kuhusu sisi wageni walielewana vizuri sana, bila mkalimani.

Ghorofa ya pili ilikuwa yangu. Pale walikaa waliokuwa wenye maduka madogo: wa mkate, wa viatu, wa vitambaa na vifungo. Zamani, nasikia, walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Miaka ile ya tisini wote walikuwa wamenyamaza. Kulikuwa na orodha mpya ya wagombea, ambayo sitaitaja jina kwa sababu jina lake linanitia kinyaa mpaka leo, na hakuna hata mmoja aliyesema anaitaka. Ila nilipofungua droo za vitanda kutafuta soksi, nilikuta kikaratasi cha orodha hiyo. Kilikuwa na mchoro wa sanduku la safari limefungwa kamba, na chini yake maneno mawili ya Kifaransa: Safari njema. Droo hadi droo, sanduku lile lile. Nilikuwa natoa soksi, nafunga droo, naendelea kusugua migongo.

Sanduku la namna hiyo nilikuwa nalo nyumbani, chini ya kitanda. Lilikuwa la mdogo wangu wa kike. Sisi ni watoto wa Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo. Tulizaliwa pale, baba yetu alikuwa karani wa kampuni ya shaba, na Kiswahili tulikinyonya pamoja na maziwa. Lakini babu alitoka mkoa mwingine, Kasai, na mwanzoni mwa miaka ile ya tisini majirani waliokula bukari letu, yaani ugali, na sisi kula lao waligundua ghafla kuwa sisi ni wageni, wakawafukuza wetu waliobaki kule; mimi nilikuwa nimeshakuja Ubelgiji. Mdogo wangu alilala kwenye stesheni ya treni wiki nyingi akisubiri behewa, na mvua ikimnyeshea. Baba alifia pale pale stesheni, kwa kuhara. Mdogo wangu alifika kwangu Brussels miaka miwili baadaye, akiwa na sanduku lile la kamba, faili la kuomba hifadhi, na tabia ya kula haraka kama mtu anayenyang'anywa.

Mimi nilikuwa na uraia. Niliupata kwa mume Mbelgiji. Tulipoachana yeye alibaki na nyumba, mimi nikabaki na uraia, na hadi leo naona nilifanya biashara nzuri. Mdogo wangu alikuwa hana kitu. Alichohitaji kwanza ni kuandikishwa kwenye manispaa, jina lake liingie kwenye daftari la wakazi pale ninapoishi. Bila hiyo hakuna kadi, bila kadi hakuna kazi wala daktari, na barua za faili lake zingezunguka hewani. Zilikuwapo manispaa za Brussels zilizokuwa zimefunga daftari kwa wageni wapya. Yetu, ya mji ule ule wa nyumba ya wazee, ilikuwa bado. Kila alipokwenda dirishani walimwambia arudi baada ya uchaguzi, na sisi tukasubiri uchaguzi huo wa manispaa kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

Sasa nimtaje bibi wa chumba cha kumi na mbili. Alikuwa na duka la vifungo kwa miaka arobaini, na vidole vyake bado vilikuwa vinahesabu vifungo juu ya blanketi. Mwana wake mmoja alikuwa Uhispania, kwenye jua, akipiga simu Krismasi. Bibi huyu hakutaka kulishwa na mtu yeyote ila mimi. Siku zangu za mapumziko alifunga mdomo kama mlango wa benki, na niliporudi Jumatatu nilimkuta amepungua. Aliniita mwanangu. Nilimpenda, nasema wazi, nilimpenda na harufu yake ya sabuni ya urujuani na mkojo. Biskuti zake za mdalasini tulikuwa tunazichovya pamoja kwenye kahawa moja.

Ubelgiji kupiga kura ni lazima. Hata ukiwa kitandani ni lazima, isipokuwa daktari aandike kuwa huwezi, na hapo unampa mtu mwingine karatasi ya kukuwakilisha, naye anaipiga kura yako pamoja na yake. Watoto wa wazee wetu walikuwa Uhispania, au walikuwa wamechoka. Kwa hiyo wazee waliwapa waliokuwa karibu. Na waliokuwa karibu ni sisi, wanawake wa Kongo, wenye viatu vyeupe vya mpira na pasipoti mpya za Ubelgiji.

Wiki moja kabla ya uchaguzi bibi aliniambia nifunge mlango. Alikuwa ametia saini karatasi tayari, kwa mwandiko wa kutetemeka. Akanishika kifundo cha mkono.

"Sitaki mtu mwingine, ni wewe tu," alisema. "Wewe ni mwaminifu. Utaniwekea hapa."

Akatoa kikaratasi kutoka kwenye kitabu chake cha sala, akaweka kidole juu ya namba ya orodha. Mchoro wa sanduku ulikuwa unanitazama. Nilidhani labda amekosea, macho yake yalikuwa yamefifia.

"Madame, mmesoma walichoandika hapa?" nilimuuliza.

"Nimesomewa. Mji umechafuka, mwanangu. Mtu hajui tena anaishi na nani."

Alisema hivyo akiwa amenishika mkono. Akaongeza kuwa ametulia sasa, maana anajua kura yake iko mahali salama. Nikasema ndiyo, madame. Ndiyo ile ilinitoka kwa mazoea, kama ninavyosema ndiyo kwa chungu cha mkojo na ndiyo kwa dirisha lifungwe. Nilikwenda chooni nikanawa kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Mchana, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilimkuta mwenzangu wa Bukavu, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa akifanya kazi upande wa pili wa ghorofa ile ile. Naye alikuwa ameshika karatasi ya mzee wake, aliyekuwa na duka la viatu.

"Ma chère, ya kwako alikuambia numéro gani?" aliniuliza.

Nikamwambia. Akapiga makofi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Même numéro! Batu bote ba ghorofa ya pili, numéro ile ile! Banatutuma siye kwenda kujifukuza siye benyewe!"

"Utafanya aje?" nilimuuliza.

"Mimi? Mi ntaweka ya kwangu mara mbili. Ataniona wapi? Kule ndani iko rideau, pazia, iko mimi, iko Mungu, c'est tout. Na Mungu haiko wa ile parti." Halafu akaniangalia vizuri. "Na weye?"

"Sijue."

"Hujue? Bafukuze mudogo yako, bafukuze na weye, na unasema hujue? Uko folle, uko wazimu?"

Nilitaka kumweleza, nikashindwa, maana alikuwa bado anacheka. Nitaeleza hapa.

Nilikuwa nimekwenda kupiga kura mara moja tu maishani kabla ya siku hiyo, kule Likasi, nilipotimiza umri. Kwetu wakati ule kura ilikuwa kadi mbili za rangi, ya kijani ni ndiyo kwa Rais, nyekundu ni hapana, na mezani wamekaa watu wa chama na askari wanatazama umeshika rangi gani. Baba alinisindikiza, amevaa tai. Nilikuwa nimeamua nyekundu. Usiku kucha sikulala kwa woga, lakini nilikuwa nimeamua. Nilipofika mezani, karani alipitisha kidole kwenye orodha, akanitazama, akasema nimeshapiga kura tayari. Jina langu lilikuwa limewekewa alama. Nilisema hapana, ndiyo kwanza nafika. Akasema tena, taratibu, kwamba nimeshapiga, na kwamba nimechagua vizuri, nirudi nyumbani. Askari mmoja akacheka.

Tulipokuwa tunarudi baba alitembea mbele yangu mpaka karibu na nyumba. Alilegeza tai yake, akasimama.

"Mwanangu, balikuiba kinywa," alisema. "Weye usimufanyie muntu vile. Muntu akikutuma kusema, sema ile alisema, hata kama ni ya bupumbavu."

Huyo ndiye baba aliyekufa stesheni. Kila nilipofikiri kufanya kama mwenzangu wa Bukavu, niliona meza ile, na kidole cha karani kwenye orodha, na mimi ndiye karani. Labda mtu aliyekulia kwenye uchaguzi wa kweli asingesumbuka. Angesema huyu bibi ni mbaguzi, apotelee mbali, angeweka alama anapotaka na kwenda kula keki zake za waffle. Sisi tulioibiwa kura tunaiheshimu karatasi kupita kiasi, kama mtu aliyelala njaa anavyookota punje ya wali sakafuni.

Jumapili ya uchaguzi nilikwenda shuleni, kwenye ukumbi wa michezo wenye harufu ya miguu ya watoto. Nje waliuza soseji. Mji mzima ulikuwa umevaa makoti mazuri, bonjour, bonjour, na mimi katikati yao nimeshika barua mbili za wito. Nilikuwa nawatazama usoni mmoja mmoja. Mwuza nyama aliyekuwa ananiongezea mifupa bure: wewe? Mwalimu mstaafu aliyemfundisha mdogo wangu kusema tafadhali: wewe? Mwanamke wa kioski? Nilichukia kwamba sijui, nikachukia zaidi kwamba walikuwa wanatabasamu. Mdomo asali, moyo shubiri, na asali yenyewe inagawiwa kwa kijiko cha chai.

Msimamizi wa meza alinikagua barua zote mbili, akanipa karatasi ya kwanza, akaniambia kwa upole, polepole, ili nielewe, kwamba hapa hakuna wa kunilazimisha, hapa ni demokrasia.

"Asante, nimesikia," nilijibu.

Karatasi yenyewe ilikuwa kubwa kama kitambaa cha meza. Penseli nyekundu ilifungwa kwa uzi, kama vile sisi tungeiiba. Kura yangu niliipiga kwanza. Nilimchagua mwanamke mmoja wa orodha nyingine, nikajaza kijiduara chake taratibu, nikakunja, nikatumbukiza. Ilikuwa kura ya kwanza ya maisha yangu ambayo haikupigwa na mtu mwingine. Nilitaka kufurahi kidogo, lakini karatasi ya pili ilikuwa imeshawekwa mkononi mwangu.

Nikarudi nyuma ya pazia. Nilikaa humo muda mrefu, mpaka mtu akakohoa nje. Nilimfikiria mdogo wangu, alikuwa nyumbani akipiga pasi blauzi ya kwendea manispaa. Nilimfikiria bibi, na kidole chake juu ya namba.  Kisha nikajaza kijiduara cha juu cha orodha ile, kile cha kuichagua orodha nzima, chote, bila kuacha nyeupe, kama alivyonituma. Nikatoka. Nje nilitapika nyuma ya baiskeli, na mwanamke mmoja mwenye koti zuri akanipa kitambaa cha karatasi na kuniuliza kama nina mimba.

Orodha ile ilipata kiti chake cha kwanza kwenye baraza la mji. Kiti kimoja tu, walisema waungwana wa bluu na wekundu, si kitu. Lakini meya alikuwa mtu wa kuhesabu, na alikuwa ameona kura zimekwenda upande gani.

Jumatatu bibi alikuwa amekaa wima kitandani, mashavu mekundu. Alikuwa amesomewa gazeti.

"Tumepata kiti! Sisi wawili!" alisema, akanipa boksi la chokoleti alilokuwa amemwagiza mtu dukani.

Sikuweza kulikataa, na sikuweza kula hata moja. Nililipeleka nyumbani. Mdogo wangu alizimaliza zote jioni ile ile, kwa haraka yake, akizisifu, akisema wazee wa huku wana roho nzuri. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake natazama anavyolamba vidole. Mwenzangu wa Bukavu, nilipomwambia nimeiweka kura ilikotumwa, hakucheka tena. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. Wiki nzima hakunisalimia, na sikumlaumu.

Tangazo lilibandikwa kabla ya Noeli. Mdogo wangu alirudi kutoka manispaa na ile blauzi iliyopigwa pasi, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Yaya, balikatala," alisema; kwetu ndivyo anavyoitwa dada mkubwa. "Banasema bamefunga inscriptions, kuandika bageni. Mama ya guichet, ku dirisha, hakuongea hata. Alinionyesha tu papier ku kioo."

"Balisema mpaka lini?"

"Hawakusema lini." Akaangalia mikono yake. "Bon. Mi ntaenda Saint-Gilles. Kuko ba-maman ba kwetu, banakodisha chambre moja batu bane, karibu na Gare du Midi. Kule commune, manispaa yabo, ingali inaandika batu."

Nikaanza kulia. Yeye alinipiga piga begani, kama vile mimi ndiye niliyefukuzwa.

"Yaya, usilie. Mi nilishazobelea kufunga valise."

Akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nilimsaidia kukaza kamba. Sikumwambia. Hadi leo sijamwambia. Aliandikishwa huko baada ya muda mrefu, alipata kazi, ana watoto wanaozungumza Kifaransa kama redio, na akija kwangu huwa anasema nilimhurumia sana siku zile. Mimi namwongezea mchuzi, nanyamaza.

Kesho yake nilikwenda kazini macho yamevimba. Ilikuwa supu ya karoti. Bibi aliniona, akasukuma kijiko pembeni, akataka kujua nani ameniliza. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika, nikamwambia yote: mdogo wangu, daftari, tangazo kwenye kioo, sanduku.

Bibi alikasirika. Alikasirika kweli, mpaka vidole vikaacha kuhesabu vifungo. "Lakini ni aibu! Mdogo wako? Mtoto wa watu, mwenye adabu? Nani amefanya hivyo? Nipe karatasi, nimwandikie meya. Mdogo wako si kama wale wengine!"

Nilimtazama. Kinyaa nilichokuwa nacho tangu siku aliponipa karatasi kilipanda chote, na nikasema kwa sauti ambayo hairuhusiwi kwenye nyumba za wazee:

"Ni ninyi, madame. Ndicho mlichokipigia kura."

Alinikodolea macho, hakuelewa. Hapakuwa na uongo usoni mwake, nilitafuta, sikuuona. Alinipapasa mkono, ule ule niliopigia kura, kama anavyotulizwa mtoto aliyechanganya mambo kwa kulia sana.

"Mimi? Hapana, mwanangu. Siku ile nilikuwa mgonjwa, umesahau? Mimi sikwenda. Ulikwenda wewe."

Kisha akafungua mdomo, akangoja kijiko.